Choo cha Chumbe kwenye mawe ya Mabatini

Nyumba yangu iko Mabatini, juu kabisa, pale ambapo bodaboda anakushusha na kukwambia umalizie kwa miguu. Ina vyumba vitano vya kupangisha, watu tisa, na kwa miaka mingi choo kimoja ambacho shimo lake halikufika hata futi nne. Fundi hakuwa mvivu. Alichimba siku mbili, sururu ikaanza kutoa cheche, akaniita nione mwamba. "Mama, hapa ndipo tumefika." Mwanza yetu ndivyo ilivyo: mawe yanayopendeza kwenye picha ndiyo hayo hayo yanayotunyima shimo.

Shimo la futi nne linajaa haraka. Gari la kunyonya halipandi huku. Kinachobaki ni kile kinachofanyika milimani usiku mvua ikinyesha, yaani kutapisha. Unatoboa upande wa chini, mvua inabeba kila kitu hadi mferejini, mfereji unaingia Mto Mirongo, na Mirongo unaingia ziwani palepale mjini. Mimi nimetapisha mara mbili. Mara ya pili nilikaa ndani nikisikiliza maji yakishuka, nikawafikiria watoto wanaochota kule chini asubuhi, na usingizi haukuja.

Agosti 2022 zamu yangu ya mchezo ilifika. Mdogo wangu ameolewa Unguja, na alikuwa amenisihi sana: "Dada, njoo uone bahari kabla hujazeeka." Tukachangia nauli na malazi ya usiku mmoja kisiwani Chumbe. Nisifiche, bei yake ni ya kujibana. Nyumba za wageni ni saba tu, na tuliambiwa mapato yanarudi kwenye ulinzi wa kisiwa na mafunzo ya wanafunzi wanaoletwa pale.

Tulipanda boti Mbweni asubuhi. Chumbe ni kisiwa kidogo, chenye urefu wa kama kilomita moja, na mnara wa taa uliojengwa 1904 unaonekana kutoka mbali. Chote ni jiwe la matumbawe la kale, kile Waunguja wanachokiita maweni, na juu yake msitu umeota bila udongo wa kutosha kujaza karai. Hakuna kisima wala chemchemi. Nilipoambiwa hivyo nikamwangalia mdogo wangu: jiwe tupu, huwezi kuchimba, maji hakuna. Hapa si Mabatini?

Mwamba wa matumbawe ulio upande wa magharibi umefungwa kwa uvuvi tangu 1994, na ndio wageni wanaopelekwa kuuona. Nimezaliwa kando ya ziwa lakini sikuwahi kutia uso ndani ya maji. Kwetu mtoto akichezea maji anakumbushwa kichocho. Mlinzi aliyetuongoza, mzee wa makamo aliyekuwa mvuvi zamani, alinifunga miwani na mrija kwa subira. "Pumua polepole, mwanangu. Wala usisimame juu ya matumbawe, yana uhai." Nikainama. Jambo lililonishika kuliko rangi zote ni sauti: pono walikuwa wakitafuna mwamba, na masikio yangu yaliwasikia kabla macho hayajawaona. Nilimuuliza kama haimuumi kuona samaki wengi hivyo asivue. Akanieleza kwamba pale ni mazalia. Wanaokulia ndani ya eneo lililofungwa hutoka nje, na wavuvi wenzake huwakuta huko. Nikakumbuka kokoro zinavyokokotwa kwenye fukwe zetu na kubeba hata vifaranga vya sato, nikanyamaza.

Sasa nije kwenye choo, maana ndicho kilichonifanya niandike.

Chumba chetu hakikuwa na dirisha la kioo. Upande mzima ulikuwa wazi kuelekea baharini, paa la makuti, kitanda juu ghorofani. Choo hakikuwa na maji ya kuvuta: kinyesi kinabaki chini yake na kugeuka mboji. Pembeni palikuwa na chombo cha vitu vikavu, na maelekezo kwamba ukimaliza unamwaga kopo moja, unafunika, basi. Nilijiandaa kwa harufu. Nikangoja. Haikuja, hata asubuhi.

Maji ya kuoga yalikuwa ya mvua. Paa linayakusanya, yanapita kwenye chujio la mchanga na kokoto, yanahifadhiwa kwenye tangi chini ya sakafu, kisha yanapandishwa kwa pampu ya mkono na kupashwa moto na jua. Ukishaoga hayamwagwi hovyo, yanapelekwa kwenye kitalu cha mimea kilichojengwa maalumu ili mizizi inywe sabuni na uchafu. Niliuliza sababu ya kujisumbua hivyo wakati bahari ni kubwa. Jibu lake nimelibeba hadi nyumbani: matumbawe hutaka maji maangavu yasiyo na mbolea. Ukimwaga kinyesi na maji ya sabuni, mwani unapata chakula, unakua haraka na kuyafunika. Jiwe la kisiwa lina vinyweleo, kwa hiyo shimo la choo lingevuja moja kwa moja hadi kwa pono.

Nikaona kijani kinachotanda kwenye ghuba zetu, na magugu maji yanayofunga mitumbwi. Nayo yanakula mbolea ileile. Yetu.

Usiku tulipewa tochi tukaenda kuwatazama kaa wa nazi, wakubwa kuliko sahani, wakipanda miti. Mdogo wangu alifurahi kama mtoto. Mimi nilikuwa namuuliza mlinzi upana wa bomba la hewa.

Nilijenga Januari na Februari 2023. Fundi alikuwa yuleyule, na safari hii hakushika sururu. Tulisawazisha mwamba kwa zege, tukainua juu yake vyumba viwili vya tofali vya kupokea kinyesi, kila kimoja mita moja na robo kwa mita moja na robo, na kimo cha mita moja. Juu ni sakafu ya choo yenye matundu mawili, moja likitumika na jingine limezibwa. Unapanda ngazi tano. Nyuma kuna milango midogo ya kutolea, na bomba la inchi nne linapanda juu ya paa. Tulilipaka rangi nyeusi ili jua lilichemshe na hewa ivutwe juu, na mdomoni tukafunga wavu wa nzi. Iligharimu kama milioni moja na laki sita, na nililipa kwa awamu.

Kitu ambacho sikukiona Chumbe, na ambacho ilinibidi kukifikiria mwenyewe, ni kuchamba. Wapangaji wangu wanachamba kwa maji, na mimi pia. Maji yakiingia chumbani, mboji inaoza badala ya kukomaa. Kwa hiyo tumeweka sehemu ya kuchambia hatua moja kutoka kwenye tundu, yenye bomba lake linalotoka hadi kwenye kitalu cha kokoto na mchanga. Maji ya bafuni nayo yanaishia humo. Juu tumepanda migomba.

Vitu vikavu tunavyo tele: pumba za mpunga kutoka mashineni, maranda kwa seremala, na majivu ya jikoni.

Mwezi wa tatu kikanuka. Nzi, funza, wapangaji wakaanza kunung'unika. Mpangaji mmoja mgeni alikuwa akimwaga ndani maji ya kufulia akidhani anasaidia kusafisha. Sikumgombeza, kosa lilikuwa langu, sikumwelekeza alipohamia. Nilimwaga magunia matatu ya maranda na ndoo za majivu, nikakoroga kwa mti mrefu kupitia mlango wa nyuma. Ndani ya wiki mbili harufu ikakata. Tangu hapo kila mpangaji mpya namshika mkono, tunapanda ngazi, namwonyesha kopo. Bibi wa chumba cha nne, ambaye mwanzoni alisema hataingia "kwenye jukwaa hilo", sasa ndiye anayewaelekeza wengine kwa Kisukuma.

Mvua nilianza kuivuna mwaka huohuo. Hesabu ni nyepesi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Bati langu ni mita nane kwa kumi, basi kila milimita inaniletea lita 80, na nikiondoa inayopotea nahesabu 64. Mvua ya milimita 30 inakaribia kujaza tanki la lita 2,000. Maji ya kwanza, yenye vumbi na kinyesi cha ndege, nayaacha yaende kwa kufungua kizibo. Ya kunywa tunachemsha. Kiangazi cha Juni hadi Agosti bado tunanunua madumu, tanki moja halitoshi.

Chumba cha kwanza cha choo nilikifunga Februari 2024, nikakiacha mwaka mzima na zaidi bila kukigusa, kwa sababu mayai ya minyoo ni magumu kufa. Machi 2025 nilivaa glavu na buti, nikafungua mlango wa nyuma. Nilikuta udongo mweusi, mkavu, unaomeguka, wenye harufu ya shamba baada ya mvua. Ulitoka kama magunia saba. Bibi akaja na karai, akataka wa kuwekea mchicha wake. "Mayu, si kwenye mboga," nikamwambia, na sote wawili tukaufukia chini ya mparachichi na migomba.

Jirani wa chini amekuja na kamba kupima. Mwamba wake uko futi mbili.