Siku moja kliniki ya viungo vya watoto, Moshi

Saa 2 asubuhi. Nyayo za kupinda, watoto waliozaliwa na unyayo uliogeukia ndani, ndizo zinazoanza. Hogo (plasta ngumu) la zamani huwekwa majini na kufunguliwa hapa hapa, si jana usiku nyumbani, maana unyayo huanza kurudi. Nanyanyua kwanza upande wa kidole gumba ili tao la unyayo lishuke, kisha nasukuma unyayo nje taratibu, dole gumba langu likikaza kichwa cha talasi, mfupa wa kifundo cha mguu. Kisigino hakishikwi, ukikishika, umekizuia kugeuka. Hogo hufika juu ya paja, goti likikunjwa nyuzi 90. Likiishia chini ya goti, mtoto hulichomoa. Hubadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara 5 au 6. Wengi hukatwa kano ya kisigino kwa ganzi, wakafungwa hogo la mwisho wiki 3. Halafu viatu vilivyoungwa kwa kipande cha chuma: saa 23 kwa siku miezi 3, kisha kulala navyo hadi miaka 4. Wanaorudia kupinda, wengi waliviacha.

Saa 5. Mtoto ana vidole vilivyoungana. "Daktari, ni ile ndoo niliyobeba mimba ikiwa ya miezi saba?"

Hapana, mama. Swali hili nalipatia muda kuliko yote. Chipukizi la mkono hutokea siku ya 26 hivi tangu mimba kutunga, la mguu siku mbili baadaye. Kiganja huanza kama kasia. Seli za katikati ya vidole hufa ili viachane. Zisipokufa, vidole hubaki pamoja. Wiki ya 8 yote yamekwisha (ukihesabu tangu hedhi ya mwisho, wiki ya 10). Mwezi wa saba ndoo haiunganishi vidole. Nyuzi za utando wa mfuko wa maji ya mimba tu ndizo zinazoweza kukaba kidole kilichokwisha kuumbika.

Kwa hiyo nauliza dawa za wiki zile za mwanzo, kabla mama hajajijua. Thalidomaidi, iliyoondolewa madukani Ujerumani Magharibi mwaka 1961, iliharibu viungo ikimezwa kati ya siku ya 20 na 36. Mara nyingi, hata hivyo, chanzo hakipatikani, nami humwambia mama hivyo waziwazi.

Saa 7. Kidole cha sita, upande wa kidole cha mwisho. Hurithiwa mno. Tafadhali msikifunge uzi: kikiwa na mfupa huoza, hubaki kisiki chenye maumivu. Piga eksirei kwanza.

Saa 9. Mtoto asiye na kiganja cha kushoto. Mkono bandia wa kwanza, mwepesi usio na vifundo, huvaliwa akianza kukaa, miezi 6 hivi, ili azoee kushika kwa pande mbili. Kipimo kipya huchukuliwa kadiri anavyokua.