Pini ya Bibi

Mashine ya santuri ya Mjomba ilikaa sebuleni kwa Bibi, Majengo, Mombasa, juu ya meza nzito ya mvule, ikiwa imefunikwa kanga iliyopauka. Ilikuwa Technics SL-1200MK2, toleo lililoanza kuuzwa mwaka 1979. Mjomba alikuwa akipiga santuri usiku katika disko ya hoteli moja huko pwani ya kaskazini, na hoteli ilipohamia kwenye CD akainunua moja kati ya zile mbili alizokuwa akizitumia. Ina uzito wa kilo 12.5. Siku aliyoileta aliipakata kwenye matatu kama mtoto, asikubali hata kondakta amsaidie.

Ilikuwa likizo ya Desemba, mwaka 1996, nami nina miaka kumi na minne. Mjomba alikuwa bado akifanya kazi usiku, kwa hiyo mchana alilala, na mimi nikabaki na kijitabu cha mashine. Nilikisoma hadi kikalegea kurasa. Kilisema kila baada ya saa 2,000 za kazi, tia matone mawili matatu ya mafuta kwenye kijiti cha katikati. Nikapiga hesabu ya miaka ya disko, usiku kwa usiku, nikaona mashine ina kiu ya miaka. Sikumuuliza mtu. Nilitaka aamke akute nimeihudumia.

Mafuta nilijua yalipo: kwenye kikopo cha mdomo mrefu, kando ya cherehani ya Bibi. Nikachomoa waya wa umeme, nikaondoa mpira wa juu, nikatia vidole kwenye yale matundu mawili ya sahani ya alumini inayozungusha santuri na kuinyanyua wima. Nikaipeleka kwenye meza ya cherehani, nikailaza hapo, nikachukua kikopo. Matone mawili. Nikarudisha sahani, nikachomeka waya, nikabonyeza.

Krr. Kimya. Krr. Kimya.

Niliizima haraka, nikaifunika kanga. Alasiri Mjomba alipoamka nilikuwa nimekaa barazani, nikijifanya nasoma. Nikamsikia akichagua santuri, moja ya zile ndogo za 45, yaani za mizunguko 45 kwa dakika, zilizochapwa Nairobi, ambazo wimbo mmoja umekatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande wa nyuma. Gita likaanza. Halafu likanyamaza.

"Mjomba," akaniita. Sisi huitana hivyo, mimi kwake na yeye kwangu. "Njoo usikilize."

Nilikwenda, nikasimama kando yake bila kusema neno. Kunyamaza huko ndiko kunakoniuma hadi leo, kuliko kosa lenyewe.

Hakuigusa bisibisi. Kwanza aliinua mkono wenye sindano na kuurudisha kwenye egemeo lake, mashine ikabaki inazunguka bure. Krr ikaendelea. "Basi si sindano, wala si santuri." Akabonyeza 33, mwendo wa polepole, akavua saa yake, akaanza kuzihesabu krr kwa midomo. Dakika ilipotimia akasema, "Thelathini na tatu." Akarudisha kwenye 45, sauti ikaenda mbio sawasawa. Akazima umeme kabisa, akaisukuma sahani kwa kidole. Krr ikawa polepole, lakini ipo.

"Hii haina mkanda wa kuizungusha sahani," akaniambia. "Zile za mkanda, mota ina mbio zake na sahani ina zake, utahangaika kujua kelele inatoka wapi. Hapa sahani yenyewe ndiyo mota. Sumaku imefungwa chini yake, koili, zile nyaya zilizoviringwa, zimelala hapo chini, na baina yao pana upenyo mdogo tu. Kitu kimeingia humo. Na hakikuingia chenyewe."

Ndipo nikasema. Mafuta, cherehani, meza, yote.

Aliing'oa sahani, akaigeuza juu chini kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye ile sumaku ya duara ilinata pini moja ya chuma, ncha imepinda kwa kusuguliwa. Pembeni yake palikuwa na vumbi jeusi la chuma ambalo macho yangu yasingeliona. Mjomba akaniletea utepe wa gundi, akanionyesha namna ya kuubandika juu ya sumaku na kuubandua, kipande baada ya kipande, mpaka utepe ukatoka safi. Kazi hiyo ilitula karibu nusu saa, na ndiyo niliyoifanya kila nilipoifungua mashine hiyo tangu iliponifikia mimi. Kabla ya kuinyanyua sahani hutandika kwanza shuka jeupe, maana juu ya jeupe hata unywele wa chuma huonekana.

Koili alizipitisha kidole, taratibu, akizisoma kama kipofu. Palikuwa na mkwaruzo, lakini waya haukukatika. Akashusha pumzi. Nikashusha yangu.

Tulipoiwasha, taa nyekundu ya ukingoni ikaangaza vile vidoti vya kwenye sahani. Mjomba akarudisha kitelezi cha mwendo katikati mpaka taa ya kijani ikawaka, na safu ya vidoti vikubwa ikasimama tuli, kana kwamba sahani haizunguki. Hakuna krr.

"Mafuta uliyatia vizuri," akasema. "Matone mawili, hukuzidisha."

Bibi alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Mjomba akampa pini. Akaitazama, akainyoosha kwa kuibana kwenye ukingo wa meza, akaichomeka kwenye ukosi wa gauni alilokuwa akilipindia.

"Haya, geuza upande wa pili," akasema. "Huo wa kwanza mmenikatizia."