Ahaa, basi sawa

Wiki hii ofisini wamepunguzwa watu wanne na mdogo wangu kaletewa posa, lakini kinachoninyima usingizi ni yule mama anayefanya usafi kwenye darasa letu la sanaa.

Jamani Jumamosi nzima nilikuwa nachora magamba ya samaki kwenye chungu changu kwa ncha ya kijiko, gamba mojamoja, kuanzia mabegani mpaka karibu na kitako, shingoni nikabiringisha gunzi likaacha vinundu vizuri mpaka mwalimu mwenyewe akapiga picha. Yule mama akaja na ufagio wake. Nikamwamkia, akaitika, halafu bila hata kuomba akazamisha mkono ndani ya chungu.

"Mwanangu, hiki hakitashika maji."

"Si cha maji mama, nitaweka maua."

"Maua?"

"Yale makavu."

"Ahaa. Basi sawa."

Akaendelea kufagia. Hiyo "basi sawa" nimeisikia kwenye daladala, nimeisikia nikikaanga vitunguu, saa nane usiku nayo ipo. Si bora angenisema tu! Maana majibu ninayo kama kumi, yote yamekuja baadaye.

Ila na mimi nilizamisha mkono. Zile kamba za udongo nilizopandisha moja juu ya nyingine ziko vilevile, unazihesabu kwa kidole kama ngazi. Nje nimelainisha nimepamba weee, ndani sijagusa, na chungu hupasukia hapohapo kwenye maungio.

Kumbe yule mama kwao ni Ikombe, kule Kyela ziwani, wanawake wa Kikisi wanafinyanga vyungu na vinapakiwa kwenye mitumbwi kwenda soko la Lyulilo. Na mimi namwambia habari za maua makavu.

Basi jana baada ya kazi nikapitia pale. Kilikuwa bado hakijachomwa, nikakivunja nikakitumbukiza kwenye ndoo ya maji, mwalimu kashika kichwa, yule mama alicheka mpaka akakaa chini. Akafinya tonge la udongo, akanishika mikono. "Wa ndani usukume, wa nje upokee." Nilichopata kinatosha chumvi, kimepinda, hakina gamba hata moja. Akapitisha kidole ndani. "Mh," akasema, na mimi nimerudi nyumbani nikiimba.

Mwenye nyumba kapiga simu mara mbili leo sijapokea. Kodi nimelipa mpaka Desemba, sasa anataka nini?