Mwezi kumi na tatu, maji ya bamvua

Leo, kwa hesabu ya mwezi mwandamo, ni tarehe 13. Kwa mtu wa pwani hiyo ni habari kamili: maji ya bamvua yameanza, kesho yatajaa zaidi na kupwa zaidi, na kilele kitakuja siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu. Kalenda ya ukutani, ya Januari na Februari, haikuambii lolote kati ya hayo.

Unguja na Dar es Salaam, mwezi ukiandama au ukipevuka, maji hujaa kwenye saa kumi, alasiri na alfajiri, na kupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku huchelewa wastani wa dakika 50. Kwa hiyo tarehe 8 mambo yamegeuka: saa nne maji yamejaa, saa kumi yamekupwa, tena kwa uvivu, maana hayo ni maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana. Wastani huo una hila yake. Siku za bamvua maji huchelewa dakika 40 hivi tu; siku za maji mafu hupita saa nzima.

Sababu ya bamvua na maji mafu ni jua. Nguvu yake juu ya bahari haifiki nusu ya ile ya mwezi, lakini jua na mwezi vikiwa kwenye mstari mmoja nguvu zao zinajumlishwa, na mwezi ukiwa nusu zinapunguzana. Galileo, mwanasayansi wa Italia, pamoja na akili zake zote, mwaka 1632 alishikilia kwamba kinachojaza na kupwesha maji ni mwendo wa dunia, akamshangaa mwanafalaki Mjerumani Kepler kwa kuutaja mwezi. Mvuvi yeyote wa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, angemsahihisha.

Hatari iko kwenye mwendo wa kujaa. Chukua tofauti ya mita 3.6 kati ya kupwa na kujaa: saa ya kwanza maji hupanda sentimita 30, ya pili 60, ya tatu na ya nne 90 kila moja, kisha 60, kisha 30. Anayeokota chaza kwenye mwamba huidharau ile saa ya kwanza. Tena maji hayamfuati kutoka mbele. Huingia kwa mlango wa mwamba, yakajaza kwanza bonde lililo nyuma yake, kati yake na ufuko. Akigeuka, njia ya kurudi iko kifuani.

Wakulima wa mwani nao hupimia bamvua. Kigingi kikichomekwa siku za maji mafu, mahali huonekana pana kina cha kutosha. Wiki moja baadaye mwani uko nje juani saa nne asubuhi, unapauka na kukatika. Pahali pazuri hubaki na maji ya futi moja hata siku ya kupwa kabisa.

Na chombo? Dau likipanda fungu la mchanga maji yakiwa yamejaa kwenye kilele cha bamvua, basi limepwelewa hasa. Kila siku maji hujaa kidogo kuliko jana, na mawimbi yanafika chini yake bila kulinyanyua. Kama hakuna watu wa kulisukuma usiku uleule, nahodha ateremshe shehena, aliegemeze kwa magogo lisilale ubavu, asugue chaza na kupaka deheni, yaani mafuta na chokaa ya kulinda mbao, kwani ana kama wiki mbili za kungoja.