Shimo la Mstari wa Tatu

"Fundi, sauti za akina mama zinaliwa."

Mwalimu wa kwaya aliniambia hivyo kwa simu, Julai 2017, Dodoma ikiwa bado manispaa. Maboksi mawili ya spika niliyowatengenezea yalikuwa na wiki mbili tu kanisani kwao, upande wa Chamwino. Nilimuuliza zinaliwa vipi, akanijibu vizuri kuliko mafundi wengi: zeze likipigwa, mlio mzito unafika, lakini ule ukwaruzo wa upinde haupo. Waimbaji wa sauti ya kwanza wanaonekana wanafumbua midomo, maneno hayashikiki. Akaongeza kwamba waliokaa mstari wa tatu na wa nne ndio wanaolalamika zaidi.

Neno hilo la mstari wa tatu nililipita. Nilidhani ni twita, spika ya sauti nyembamba, imekufa au waya umelegea, nikamwambia ayalete.

Yalikuwa maboksi ya njia mbili: wufa (spika ya sauti nzito) ya inchi 12 chini, honi (tarumbeta ya sauti nyembamba, ndiyo twita yake) juu, kitovu hadi kitovu sentimita 28. Krosova, saketi inayogawa sauti nzito ziende kwenye wufa na nyembamba kwenye honi, niliikata Hezi 2,000 kwa mteremko wa desibeli 12 kwa oktava (kila masafa yanapozidi au kupungua mara mbili), aina ya Linkwitz-Riley, jina la wahandisi wawili walioibuni. Kwa spika ya omu 8 hesabu yake ni nyepesi. Koili ni 0.318 mara 8, gawanya kwa 2,000, unapata milihenri 1.27. Kapasita ni 0.0796 gawanya kwa 16,000 (8 mara 2,000), unapata maikrofaradi 5 kasoro kidogo. Vipimo hivyo hivyo vinatumika pande zote mbili. Kwenye wufa koili inakaa kwenye njia ya sauti na kapasita inashuka kwenda hasi. Kwenye honi unabadilisha, kapasita njiani, koili chini. Koili nilizizungusha mwenyewe kwa waya wa shaba wa milimita 1, nikazipima moja moja.

Kwa mteremko huo, pale kwenye Hezi 2,000 krosova huichelewesha wufa kwa nyuzi 90 (wimbi zima ni nyuzi 360) na kuitanguliza honi kwa nyuzi 90. Jumla ni nyuzi 180: moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, sauti zinafutana. Ndiyo maana katika mteremko huu waya za honi hugeuzwa, chanya kwenye hasi. Nilikuwa nimezigeuza, maboksi yote mawili.

Karakana yangu ilikuwa Majengo, chumba kimoja chenye kibaraza. Nililiweka boksi la kwanza mezani, nikaanza na polariti, yaani upande upi ni chanya na upi ni hasi. Wufa hupimwa kwa betri ya tochi ya volti 1.5: gusa chanya kwenye pini nyekundu, hasi kwenye nyeusi, koni itoke nje. Gusa na uachie, usishikilie. Zipo spika za zamani za Marekani ambazo pini nyekundu huvuta koni ndani, kwa hiyo rangi pekee haitoshi. Zangu zilitoka nje zote mbili. Honi usiiguse kwa betri. Kiwambo chake ni chembamba, hutaona kikitembea, na unaweza kukiumiza. Niliziweka honi mbili zikitazamana kwa karibu, nikazilisha mluzi uleule kupitia kapasita, kisha nikageuza waya za moja. Zikiwa sawa sauti ilijaa, zikiwa kinyume ilinywea. Basi zilikuwa sawa.

Nikakaa kwenye stuli, masikio yakiwa usawa wa katikati ya wufa na honi, nikacheza muziki. Sikusikia shimo, yaani masafa yaliyopotea. Nikageuza waya za honi, nikasikiliza tena. Karibu hakuna tofauti. Mita ya sauti ya kwenye simu, ambayo kwa kulinganisha inatosha, ilionyesha tofauti ya desibeli 2 hivi kwenye Hezi 2,000.

Hapo ndipo fundi hukosea, nami nilikuwa nakaribia kukosea. Ukigeuza waya usisikie tofauti, ni rahisi kusema "basi polariti haina neno" na kuhamia kubadilisha kapasita. Lakini krosova iliyopangika ikigeuzwa lazima itoboke. Kama fezi za spika mbili, yaani kupanda na kushuka kwa mawimbi yao, zimelingana kweli, ukigeuza moja unapata shimo la desibeli 20 na zaidi. Tofauti ikiwa ndogo maana yake zimeachana kwa karibu nyuzi 90, na kwa nyuzi 90 jumla ni ileile uelekeze waya utakavyo: desibeli 3 chini ya inavyotakiwa.

Polariti ni kugeuza, na inageuza masafa yote kwa mara moja. Fezi (hapa sisemi fezi ya umeme wa ukutani) ni kuchelewa, na kuchelewa kulekule kwa sekunde ni nyuzi chache kwenye sauti nzito na nyuzi nyingi kwenye sauti nyembamba. Kugeuza waya hakuponyi kuchelewa.

Na honi yangu ilikuwa inachelewa. Nilipitisha kijiti kwenye koo lake: kutoka ubao wa mbele hadi kiwambo, sentimita 13. Koili ya sauti ya wufa, ile inayosukuma koni, ilikuwa nyuma ya ubao kwa sentimita 9 kasoro. Tofauti, sentimita 4.3. Wimbi la Hezi 2,000, kwa mwendo wa mita 344 kwa sekunde, lina urefu wa sentimita 17.2. Sentimita 4.3 ni robo yake, yaani nyuzi 90 kamili. Linkwitz aliyeichapisha hesabu ya krosova hii mwaka 1976 alikuwa akizungumzia hasa spika zisizokaa mahali pamoja. Mimi nilichukua fomula nikaacha habari ya mahali.

Nikakumbuka mstari wa tatu.

Nikalitoa boksi kibarazani, juu ya meza mbili, nikalilisha noizi, mvumo kama wa mvua, ya masafa machache tu kuzunguka Hezi 2,000. Toni moja tupu usiitumie nje, maana sauti inayodunda chini inakudanganya. Nikasimama mita 3 mbele, simu ikiwa usawa wa katikati, nikaanza kuipandisha taratibu. Kwenye sentimita 40 hivi juu sauti ikafunguka, ukali ukarudi wote. Nikaishusha. Zaidi ya nusu mita chini ya usawa ilinyauka kama mtu kaziba honi kwa blanketi, mita ikaanguka kwa desibeli zaidi ya 15. Nikageuza waya, nikarudia. Sasa shimo likawa juu, na kule chini kukawa kuzuri.

Kumbe kugeuza waya kulibadilisha kitu: kulihamisha shimo. Honi inayochelewa ikiwa juu, ukipanda unaikaribia, njia yake inafupika na fezi zinakutana. Ukishuka inazidi kuchelewa mpaka zinafutana. Kanisani maboksi yalikuwa kwenye stendi, kati ya wufa na honi mita 2.1 kutoka sakafuni. Masikio ya aliyekaa yako mita 1.2. Nilipiga hesabu ya pembe, ikaangukia mita 5 hivi mbele ya boksi. Ndipo walipo wale waliolalamika. Hata wa nyuma, mita 12, walikuwa wanapungukiwa na desibeli 6 hivi, mahali penyewe panapobeba maneno ya mwimbaji.

Ningeweza kugeuza waya nikayarudisha, shimo likaenda darini. Sikupenda. Aliye mbali yuko karibu na usawa wa boksi, angebaki na upungufu, na siku wakiyatundika maboksi kichwa chini shimo lingerudi kwa watu. Wenye prosesa wangeichelewesha wufa kwa milisekunde 0.125 wakamaliza. Hawa walikuwa na amplifaya moja na mikisa. Ilibaki kuisogeza honi mbele.

Nilikata vipande vya plaiwudi vya umbo la pete, vya kuweka chini ya shingo ya honi: milimita 18 mara mbili, na 6 mara moja, jumla 42. Kabla ya kufunga skrubu nikafanya kipimo ninachokiamini kuliko hesabu. Kwa makusudi unaunganisha honi kinyume cha inavyotakiwa (hapa, chanya kwenye chanya), unatafuta umbali ambao shimo ni refu kuliko yote, ndipo unairudisha. Hutafuti pale inapojaa, kwa sababu fezi zikiachana nyuzi 20 jumla inapungua kwa kitu kisichofika robo ya desibeli, hakuna sikio litakalokwambia. Shimo linasema kweli: kwa nyuzi hizo 20 haliwezi kushuka zaidi ya desibeli 15.

Kwa milimita 42 shimo lilikuwepo, ila pana na la juujuu. Nilipotoa kile kipande cha 6, kwenye 36, mita ilianguka kwa zaidi ya desibeli 20. Sababu ni wufa yenyewe. Koni ya inchi 12 kwenye Hezi 2,000 imeshaanza kuchoka, na koili yake ya sauti inaongeza ucheleweshaji ambao fomula ya omu 8 haiuoni. Kwa hiyo honi haikuhitaji kuja mbele kiasi hicho chote. Zile milimita 7 kati ya 43 za hesabu na 36 za kipimo ni nyuzi 15, ndizo zilizoleta ile tofauti ya desibeli 2 mezani.

Nilifunga kwa skrubu ndefu, nikaziba maungio kwa silikoni ili hewa ya boksi isipige filimbi, nikapigilia mbao mbili pembeni kulinda mdomo wa honi uliotokeza, maana maboksi husafiri nyuma ya pikapu.

Jumapili nilikwenda nayo. Mwalimu aliwaweka waimbaji wakaanza, mimi nikakaa mstari wa tatu, kisha wa nne, kisha nikasimama juu ya benchi. Ukwaruzo wa upinde wa zeze ulikuwa uleule mahali pote patatu. Mwalimu alinitazama kutoka mbele bila kuacha kuongoza, akanyanyua kidole gumba.

Kabla ya kufunga mfuniko wa nyuma nilikuwa nimeandika kwa kalamu nene kwenye ubao wa krosova, kwa ajili ya fundi yeyote atakayeufungua baada yangu akakuta waya nyekundu kwenye pini nyeusi na kutaka kuirekebisha: HONI KINYUME, NI MAKUSUDI. PETE MM 36, USITOE.