Siku niliyotia sumu ya pepopunda ndani ya seli

Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili, na kwa miezi mingi nilikuwa nikikodolea macho seli za tezi ya adrenali, zile zinazotoa adrenalini. Seli hizi zimejaa vifuko vyenye kipenyo cha takriban nanomita 300, na kila kifuko kimebeba mamilioni ya molekuli za homoni. Ukiugusisha uzi wa kaboni wenye volti kidogo kwenye ngozi ya seli, adrenalini inayotoka hupoteza elektroni zake hapo hapo, na kwenye skrini hujichora mwiba. Mwiba mmoja ni kifuko kimoja kilichojifungua. Sijapata kuona kipimo kinachonifurahisha kama hicho.

Siku hiyo nilikuwa na swali moja tu: bila sinaptobrevini, seli itafanyaje? Protini hiyo imejishikiza kwenye kifuko. Wenzake wawili, sintaksini na SNAP-25, wanaisubiri kwenye utando wa nje. Zikikutana husokotana mithili ya nyuzi za kamba, zikivuta kifuko na utando mpaka mafuta ya pande zote mbili yaungane. Sumu ya pepopunda hukata sinaptobrevini, na ndiyo sababu inaua.

Nilijaza sehemu ya sumu hiyo inayofanya ukataji ndani ya sindano ya kioo, nikaitoboa seli kwa uangalifu na kuiacha isambae. Kisha nikaishtua kwa umeme ili milango ya kalsiamu ifunguke, maana kalsiamu ikiingia ndipo vifuko hujifungua.

Miiba ikatoka! Ilikuwa michache, lakini ilitoka, na baadhi ilitanguliwa na kijiinuko kidogo, dalili ya tundu jembamba linalovujisha kabla ya kifuko kufunguka kabisa. Nilishtua tena, ikapungua. Baada ya dakika kadhaa mstari ulinyooka, ingawa kalsiamu iliendelea kuingia kama kawaida.

Mkuu wa maabara alikuja akainama kwenye skrini. Nilimwonyesha ile miiba ya kwanza nikamuuliza ilipenyaje.

"Vifuko hivyo, protini zake zilikuwa zimeshasokotana," alisema. "Sumu haipati pa kukatia."

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo michoro ya vitabuni ilinificha. Mimi nilidhani kalsiamu ndiyo inayoanzisha kila kitu. Kumbe sehemu kubwa ya kazi imekwisha kabla haijafika: protini saidizi, Munc18 na Munc13, zimeshapanga zile tatu, msokoto umeanza, protini nyingine, kompleksini, imeusimamisha njiani, na nyingine tena, sinaptotagmini, inangoja kushika kalsiamu ili umalizike. Thomas Südhof, aliyefuatilia sana sehemu hii ya kalsiamu, alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2013 na James Rothman na Randy Schekman. Majina yao nilikuwa nimeyakariri kwa ajili ya mtihani tu.

Nilitaka kwenda kulala. Mkuu akanizuia: "Usishangilie bado. Huenda seli yako imechoka tu."

Alikuwa na haki. Nikachemsha sehemu ya sumu iliyobaki, maana joto huiharibu, nikaijaza kwenye sindano mpya na kutafuta seli nyingine. Hiyo niliishtua mara nyingi kama ile ya kwanza. Miiba ilipungua kidogo, kama inavyotarajiwa kwa seli iliyotobolewa, lakini haikukoma.