Kutoka Kayabwe hadi Mutukula: safari ya digrii moja

Anayetaka kuelewa jinsi mipaka ya Uganda ilivyokatwa, apande taksi ya Masaka. Barabara hiyo inavuka ikweta pale Kayabwe, kilomita 72 kutoka Kampala, na ukiifuata hadi mwisho unafika Mutukula, mpakani na Tanzania, kwenye digrii 1 kusini. Kati ya mistari hiyo miwili, ukishuka kusini moja kwa moja bila kufuata kona za barabara, ni kilomita 110.6. Digrii hiyo ndiyo Waingereza na Wajerumani waliyoafikiana Berlin tarehe 1 Julai 1890: mpaka upite katikati ya Ziwa Victoria, utoke upande wa magharibi, uendelee hadi dola ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Kwa kipande hiki mkataba haukufuata mto wala himaya ya mtu.

Kayabwe niliudhika. Kuna vijana wenye beseni na ua dogo wanaokuonyesha maji yakizunguka kushoto upande mmoja wa mstari na kulia upande wa pili, na wananitoza shilingi 10,000. Mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kugeuza maji ya beseni. Yanageuka kufuatana na mkono uliomimina. Kwa fedha hiyo ningekula vizuri Lukaya.

Masaka hadi Kyotera sina la kusema ila bei. Kutoka Kyotera tulipakiwa kwenye gari dogo, wawili kiti cha mbele na wanne nyuma, pamoja na gunia la mihogo lililonikalia magotini, na nauli ikapanda njiani kwa sababu eti mafuta yamepanda. Nililipa. Nje ya dirisha, hata hivyo, ilikuwa inapita historia ambayo abiria wengi hawaihesabu. Buddu, nchi ya Masaka, ilikuwa chini ya Bunyoro hadi Kabaka Jjunju alipoitwaa mwishoni mwa karne ya 18. Kooki, ambayo leo ni Rakai, ilikuwa na mfalme wake hadi ilipojiunga na Buganda mwaka 1896. Kusini zaidi ni Kiziba, nchi ya Wahaya. Enzi hizo mpaka ulikuwa swali la nani anapeleka kodi kwa nani. Chifu akihamisha utii wake, mpaka nao umehama, na hakuna aliyehitaji kamba ya kupimia.

Mutukula nilifika mchana. Kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa mwaka 2017, kinakufanya umalizane na maofisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja. Hakikisha una pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mimi nilichokitaka kilikuwa nyuma ya maduka: nguzo.

Nilimkuta mzee ameanika kahawa ya maganda kwenye turubai, anaigeuza kwa reki ya mbao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea?"

Nikamwambia natafuta nguzo ya mpaka. Akanyoosha reki. Ilikuwa ya saruji, haifiki hata magotini, chokaa imebanduka, na mbuzi wawili wamefungwa hapo kwa kamba moja.

"Wanaotoka Kampala huniuliza mto uko wapi," akasema. "Wanadhani mpaka ni Kagera."

Nikatandaza ramani pembeni ya turubai. Akaufuata mto kwa kidole bila kusoma jina hata moja. Huku magharibi, upande wa Kikagati, Kagera kweli ni mpaka kwa kipande. Kisha unaliacha shauri hilo, unaingia Tanzania, unashuka na kuzunguka hadi Kyaka, kama kilomita 30 kusini ya pale tulipokaa. Halafu unapinda kaskazini, unauvuka mstari tena, na kumwaga maji yake ziwani upande wa Uganda, karibu na Kasensero. Kwa hiyo kuna Tanzania iliyo kaskazini ya mto, na kuna kipande cha Uganda kilicho kusini yake.

"Shamba langu la migomba liko kule Minziro," akasema, "na binti yangu ameolewa Kyotera. Mto hautusumbui. Mstari ndio uliotusumbua."

Mstari huo ulipimwa na tume ya Waingereza na Wajerumani kati ya 1902 na 1904, na kazi yenyewe naiheshimu. Latitudo inasomwa usiku: unapima kimo cha nyota inapovuka meridiani, yaani mstari wa kaskazini-kusini unaopita juu ya kichwa chako, moja upande wa kaskazini na nyingine upande wa kusini, ili kosa la mwanga kupindishwa na hewa lijifute. Sekunde moja ya pembe ukiikosea, nguzo imehama mita 31. Timazi yenyewe, inayomwonyesha mpimaji wima uko wapi, huvutwa kando kidogo na uzito wa milima, kwa hiyo hata mpimaji hodari hubaki na makosa ya mita nyingi. Ndiyo maana usishangae simu yako ikitoa namba tofauti na nguzo. Nguzo ikishakubaliwa na pande zote mbili, sheria inaifuata nguzo, na namba ya mkataba inakaa kando. Shida ni nguzo kutoweka: kwenye vinamasi vya Sango Bay ardhi ni laini, na mjini mtu hujenga jiko mpaka likaila.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Tanganyika ikawa chini ya Uingereza, na kwa miaka 40 hivi mstari ukawa wa makarani tu. Kisha akaja Amin. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi yake yaliingia Tanzania, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba nchi yote hadi Kagera ni ya Uganda, kilomita za mraba zipatazo 1,840, kwa hoja kwamba mto ndio mpaka wa asili. Daraja la Kyaka likalipuliwa. JWTZ, jeshi la Tanzania, walijenga njia nyingine ya kuvuka, na Januari 1979 wakaiteka Mutukula na kuisawazisha kwa tingatinga. Mzee alinionyesha kwa reki duka la kwanza lilipokuwa. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka.

Niliwaza sana habari za kwetu Arua. Mwaka 1894 Leopold alikodishiwa Lado, eneo lililojumuisha Arua, kwa muda wa uhai wake. Alipofariki Desemba 1909 nchi ikarudi Sudan, na mwaka 1914 sehemu ya kusini ikapewa Uganda, nayo Uganda ikaachia Gondokoro na Nimule. Mtu aliyezaliwa Arua mwaka 1900 alitawaliwa na serikali tatu kabla hajapata ndevu, naye hajahama boma lake.

Mpaka wetu na Kongo, tofauti na ule wa Mutukula, unafuata mgawanyo wa maji, yaani mstari unaotenga vijito vya Nile na vya mto Kongo, na nauona una busara zaidi, ingawa kwa macho ni mgumu kuutambua, maana ardhi ya Vurra ni tambarare. Nenda wakati wa mvua, utazame vijito. Kinachoelekea Enyau kitaishia Nile. Kinachokwenda magharibi kiko Kongo tayari.